Jibini Laini na Baridi Kali: Yanayovipata Vitafunio vya Karamu Vinapogandishwa

Mwisho wa mwaka, katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, wageni hukaribishwa kwa vitafunio vidogo vinavyoliwa kwa mkono kabla ya chakula chenyewe. Vingi kati ya hivyo hutengenezwa kwa jibini laini. Huwapo biskuti kavu zilizopakwa jibini ya krimu. Nyanya ndogo zilizokombwa na kujazwa jibini mbichi ya maziwa ya mbuzi. Vifuko vya unga uliokandwa kwa siagi, mfano wa sambusa ndogo zilizookwa badala ya kukaangwa, vyenye kipande cha Brie ndani yake. Na vichwa vya uyoga vilivyojazwa jibini ya krimu iliyochanganywa na chenga za mkate. Wageni waondokapo, mara nyingi sinia huwa bado haijaisha. Jibini ni chakula cha bei, na mwenye nyumba huona uchungu kuitupa. Basi huvikusanya vitafunio vyote, huvitia katika mfuko mmoja, na kuufungia katika friza, yaani jokofu la kugandishia, akiamini kwamba ameviokoa.

Majuma mawili baadaye anapoufungua mfuko huo hushangaa. Jibini ya krimu imekuwa na punjepunje na imeachia maji, biskuti zimelowa, nyanya zimelegea na kupoteza umbo. Lakini vile vifuko vya Brie, vikipashwa moto katika oveni, huwa karibu sawa na vilivyokuwa siku ya karamu. Vyote vilikaa katika baridi ile ile kwa siku zile zile, ila vimepatwa na mambo tofauti kabisa. Kisha lipo swali la pili ambalo macho hayawezi kulijibu: je, vitafunio hivyo ni salama kuliwa?

Maswali haya mawili, moja la umbile na jingine la usalama, huchanganywa mara nyingi kana kwamba ni swali moja. Chakula kilichoharibika umbile huweza kuwa salama kabisa, na chakula kilicho kizuri kwa macho na ulimi huweza kumlaza mtu hospitalini. Makala haya yanakusudia kuyatenganisha maswali hayo, na kuonyesha kwamba la kwanza hujibiwa na fizikia ya maji, na la pili hujibiwa na elimu ya viumbe.

JIBINI LAINI NI KITU GANI?

Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa kiasi cha asilimia 87. Ndani ya maji hayo mna matone madogo sana ya mafuta, sukari ya maziwa, chumvi za madini, na protini. Protini iliyo nyingi zaidi huitwa kaseini, nayo huelea katika maziwa ikiwa imejikusanya katika vifundo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vifundo hivyo husukumana, na kwa hiyo havishikamani.

Hali hiyo hubadilika maziwa yanapochachuka. Bakteria hula sukari ya maziwa na kutoa asidi, na asidi hiyo huondoa msukumano uliokuwapo baina ya vifundo vya kaseini. Vifundo huanza kushikana na kufanya mtandao. Hili ndilo jambo linalotokea maziwa yanapokuwa mgando. Watengenezaji wa jibini nyingi huongeza pia kimeng'enya kinachopatikana katika tumbo la ndama, ambacho hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine. Kisha mgando hukatwa na kuchujwa, na sehemu ya maji yake huondoka.

Tofauti kubwa baina ya jibini ngumu na jibini laini ni kiasi cha maji kinachobaki. Jibini ngumu ya Kiitaliano iitwayo Parmesan ina maji karibu asilimia 30 tu. Brie na Camembert, jibini laini mashuhuri za Ufaransa, zina maji karibu nusu ya uzito wake. Jibini ya krimu ina maji kiasi cha asilimia 55 na mafuta karibu theluthi moja. Ricotta ya Italia hupita asilimia 70.

Basi jibini laini yaweza kufananishwa na sponji iliyolowa. Nyuzi za sponji hiyo ni kaseini. Katika matundu yake mna maji. Na katika maji hayo na kati ya nyuzi hizo mmeshikwa matone ya mafuta. Ulaini wake mdomoni hutokana na mpangilio huo. Mpangilio ukivunjika, hata kama hakuna kilichopotea wala kuongezwa, ulaini nao huondoka.

MAJI YAGEUKAPO BARAFU

Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba maji yana tabia mbili zisizo za kawaida, na zote mbili huhusika hapa. Ya kwanza ni kwamba maji yakiganda hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9. Ya pili ni ukubwa wa joto fiche lake. Ili gramu 1 ya maji yaliyo kwenye nyuzi 0 za Sentigredi igeuke barafu, ni lazima iondolewe jouli 334 za joto. Kiasi hicho ni sawa na joto linalotoka katika gramu hiyo hiyo ikipoa kutoka nyuzi 80 hadi nyuzi 0. Kwa maneno mengine, kugandisha ni kazi kubwa kuliko kupoza, nayo huchukua muda.

Maji yaliyo ndani ya jibini si maji matupu. Yana chumvi, asidi, na mabaki ya sukari ya maziwa, na vitu hivyo huteremsha kiwango cha kuganda. Kwa hiyo jibini haianzi kuganda kwenye nyuzi 0 bali chini yake kidogo. Tena, fuwele za barafu zinapojengeka huchukua maji peke yake na kuacha nje kila kilichoyeyuka ndani yake. Maji yanayobaki huzidi kuwa na chumvi na asidi, na huhitaji baridi kubwa zaidi ili yagande. Ndiyo maana jibini haigandi kwa mara moja kama maji safi katika kikombe. Sehemu kubwa ya maji yake hugeuka barafu halijoto inaposhuka kutoka karibu nyuzi 1 hadi nyuzi 5 chini ya sifuri, na sehemu ndogo hubaki kiowevu hata baada ya hapo.

Muda ambao chakula hutumia katika eneo hilo la nyuzi chache ndio unaoamua ukubwa wa fuwele. Chakula kikipita hapo haraka, mbegu nyingi za fuwele huanza kwa pamoja, nazo hubaki ndogo kwa kuwa kila moja hupata maji kidogo. Kikipita polepole, fuwele chache hupata nafasi ya kuvuta maji ya jirani na kukua, hata zikawa kubwa na zenye ncha.

Jambo hili lilimtajirisha Mmarekani mmoja. Clarence Birdseye, alipokuwa akiishi Labrador katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Kanada kuanzia mwaka 1912, aliwaona wenyeji Inuit wakivua samaki katika baridi kali yenye upepo. Samaki hao waliganda karibu papo hapo, na walipopikwa miezi kadhaa baadaye walikuwa na ladha ya samaki wabichi. Birdseye alitambua kwamba siri haikuwa baridi peke yake bali kasi yake. Katika miaka ya 1920 alibuni mashine iliyogandisha chakula kilichofungwa kwa kukibana kati ya mabamba ya chuma yenye baridi kali, na mwaka 1930 vyakula vyake vilianza kuuzwa madukani katika mji wa Springfield, Massachusetts.

Friza ya nyumbani haina kasi hiyo. Hewa yake huwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, lakini hewa ni kipitisho kibaya cha joto. Mfuko uliosongwa vitafunio 40 hutoa joto lake polepole, na vile vya katikati huchelewa kuliko vyote. Hapo fuwele kubwa hujengeka.

MTANDAO UNAPOVUNJIKA

Sasa yawezekana kueleza yaliyoonekana mfuko ulipofunguliwa.

Katika jibini ya krimu, fuwele zinapokua huzisukuma nyuzi za kaseini na kuzibana pamoja katika nafasi finyu zilizosalia. Katika nafasi hizo chumvi na asidi zimekwisha kuwa nyingi kuliko kawaida. Kaseini iliyobanwa hivyo hushikana kwa nguvu, na barafu inapoyeyuka haiachani tena ili kuyapokea maji yake. Maji hubaki nje, na kaseini hubaki katika madonge madogo ambayo ulimi huyahisi kama punje. Wakati huo huo fuwele hutoboa utando unaozunguka matone ya mafuta. Matone huungana, na mafuta hujitenga. Mchanganyiko uliokuwa mmoja umekuwa vitu vitatu.

Nyanya imepatwa na jambo la namna nyingine. Yenyewe haina mtandao wa kaseini bali ina seli zilizojaa maji. Fuwele huvunja kuta za seli hizo, na nyanya ikiyeyuka hakuna kinachoishikilia. Biskuti nayo haikuharibiwa na barafu. Ni kavu, na maji yaliyoachiwa na jibini yameingia ndani yake.

Na vifuko vya Brie? Humo pia fuwele zilijengeka, na humo pia mtandao ulijeruhiwa. Lakini kifuko kikiingia katika oveni, Brie huyeyuka, na mtandao wake ungelegezwa na joto hata kama usingeguswa na baridi. Tena maji yanayotoka hunywewa na unga ulioizunguka au hugeuka mvuke. Jeraha lipo, ila mlaji hana njia ya kulitambua. Ndivyo ilivyo pia kwa uyoga uliojazwa: chenga za mkate huyashika maji, na moto hukamilisha kazi.

Kutokana na hayo hupatikana kanuni moja rahisi. Kitafunio cha jibini laini ambacho kitapikwa au kupashwa moto hadi jibini iyeyuke hustahimili kugandishwa. Kile ambacho kitaliwa kikiwa baridi hakistahimili.

Viwanda vinalijua tatizo hili, na baadhi yake hutia katika jibini za kupaka vitu vinavyoshika maji. Kimoja kati ya hivyo hutoka katika mwani. Kilimo cha mwani kwa ajili ya kuuza nje kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake wa vijiji vya pwani. Mwani wa jamii ya Eucheuma denticulatum, ambao wakulima huuita spinosum, una utomvu uitwao karagenani. Utomvu huo ukichanganywa na maji hufanya ute mzito, nao una sifa ya kuendelea kuyashika maji hata baada ya kugandishwa na kuyeyushwa. Kwa hiyo mwani unaoanikwa Paje au Jambiani ni wa jamii ya mimea inayotumiwa viwandani mbali ng'ambo kulizuia jambo lile lile lililoiharibu jibini katika mfuko uliotajwa.

BARIDI HULAZA, HAIUI

Swali la usalama lina mantiki yake peke yake. Watu wengi hudhani kwamba chakula kilichoganda kimetakaswa. Sivyo. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bakteria huacha kuzaana, kwa kuwa maji waliyoyahitaji yamekuwa barafu na shughuli za miili yao zimesimama. Baadhi yao hufa, lakini wengi hulala tu. Barafu ikiyeyuka huamka na kuendelea pale walipoachia.

Kwa sababu hiyo, hesabu ya usalama haianzi wakati mfuko unapoingia katika friza bali wakati sinia inapowekwa mezani. Katika chakula chenye unyevu na vuguvugu, aina nyingi za bakteria huweza kujigawa kila dakika 20. Mwanafunzi na apige hesabu. Bakteria mmoja, baada ya saa 1, atakuwa amejigawa mara 3, na watakuwapo 8. Baada ya saa 2 watakuwapo 64. Baada ya saa 4, yaani baada ya kujigawa mara 12, watakuwapo 4,096. Ikiwa walioanza walikuwa 1,000, sasa wamepita milioni 4. Friza itawalaza wote hao, na siku ya kula itawarudisha.

Ndiyo maana idara za usalama wa chakula za Marekani hushauri kwamba chakula cha aina hii kisikae zaidi ya saa 2 katika halijoto iliyo kati ya nyuzi 4 na nyuzi 60, na kwamba hewa ikipita nyuzi 32, muda huo upunguzwe hadi saa 1. Kwa Mswahili anayefanya karamu Dar es Salaam au Mombasa katika miezi ya joto, sharti hilo la pili ndilo litakalomhusu mara nyingi.

Wapo vijidudu wawili wanaostahili kutajwa kwa majina. Wa kwanza ni Staphylococcus aureus, ambaye huishi katika pua na ngozi za watu wengi wenye afya nzuri. Vitafunio hupangwa kwa mikono na huchukuliwa kwa mikono, na kwa njia hiyo huambukizwa. Bakteria huyu akiachwa azaane hutoa sumu, na sumu hiyo haiharibiwi na baridi wala na moto wa kawaida wa kupikia. Basi kitafunio kilichokaa mezani usiku kucha hakiokolewi na friza, wala hakiokolewi na oveni.

Wa pili ni Listeria monocytogenes. Bakteria huyu alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926 na watafiti waliokuwa wakichunguza ugonjwa wa sungura huko Cambridge, Uingereza, na jina lake la sasa linamkumbuka daktari wa upasuaji Joseph Lister. Ana tabia isiyo ya kawaida: huendelea kuzaana polepole hata katika jokofu la kawaida lenye nyuzi 4, mahali ambapo wenziwe wengi wamelala. Kugandishwa humsimamisha bila kumwangamiza. Jibini laini humfaa, kwa kuwa ina maji mengi, na kwa kuwa jibini zenye ukungu mweupe kama Brie hupungukiwa na asidi kadiri zinavyoiva.

Mwaka 1985, katika wilaya ya Los Angeles, California, watu waliugua baada ya kula jibini laini mbichi ya namna ya Meksiko. Wagonjwa 142 waliorodheshwa, na vifo vilikuwa 48. Kati ya vifo hivyo, 20 vilikuwa vya vijusi tumboni mwa mama zao na 10 vya watoto wachanga. Hesabu hizo zinaonyesha ni nani hasa aliye hatarini. Mtu mzima mwenye afya huweza kumla bakteria huyu asihisi lolote, au ahisi homa ndogo. Lakini mama mjamzito, ambaye mwenyewe huenda asiugue sana, huweza kumpoteza mtoto wake. Na wazee pamoja na wale ambao kinga ya miili yao imedhoofika huweza kufa. Kwa watu hao, jibini laini ya mabaki iliyogandishwa na kuliwa baridi haifai. Listeria, tofauti na sumu ya Staphylococcus, huuawa na moto: chakula kilichopata nyuzi 74 katikati yake, si kando tu, kimemwondoa.

NAMNA ILIYO BORA

Mwenye nyumba anayetaka kuokoa chakula chake yampasa aanze kabla ya wageni kufika. Vitafunio visiwekwe vyote mezani kwa pamoja. Sinia ndogo ijazwe, iishe, kisha ijazwe tena kutoka katika jokofu. Vile ambavyo havikutoka katika jokofu kamwe ndivyo vinavyofaa kugandishwa, na ni bora zaidi ikiwa vifuko vya unga bado havijaokwa. Vile vilivyokaa mezani kupita muda uliotajwa vitupwe, hata kama vinaonekana na kunukia vizuri.

Baada ya hapo vitenganishwe. Biskuti zilizopakwa jibini ya krimu na nyanya zilizojazwa zisigandishwe. Ziwekwe katika jokofu la kawaida na kuliwa upesi. Jibini ya krimu iliyokuwa bado katika chombo chake, kama ni lazima igandishwe, itumiwe baadaye katika keki ya kuoka au mchuzi mzito, wala isipakwe juu ya kitu. Vifuko vya Brie na uyoga uliojazwa vyaweza kugandishwa.

Hivyo vya kugandishwa vipangwe juu ya sinia la bati katika safu moja, visigusane, na kuwekwa mahali penye baridi zaidi katika friza. Kila kimoja huwa kimezungukwa na hewa baridi na bati chini yake hupitisha joto vizuri. Kwa hiyo huganda upesi kuliko vikisongwa pamoja, na fuwele zake huwa ndogo zaidi. Vikishakuwa vigumu vitiwe katika mfuko, hewa itolewe kadiri iwezekanavyo, na mfuko ufungwe barabara na kuandikwa tarehe. Hewa ina madhara mawili. Kwanza, barafu huweza kugeuka mvuke moja kwa moja pasipo kuwa maji, na sehemu za juu za chakula hukauka na kufanya mabaka. Pili, oksijeni huendelea kuyachachusha mafuta polepole hata katika baridi. Kwa ajili hiyo ni vyema vitafunio hivyo viliwe katika muda wa mwezi mmoja au miwili, ingawa kwa upande wa bakteria havizidi kuwa na hatari maadamu baridi haikukatika.

Siku ya kuliwa, vifuko vya unga viingie katika oveni vikiwa vimeganda. Vinavyohitaji kuyeyushwa kwanza viyeyushwe ndani ya jokofu, si juu ya meza. Vikishayeyuka visigandishwe mara ya pili, kwa kuwa kila mzunguko huongeza ukubwa wa fuwele na huwapa bakteria nafasi nyingine ya kuzaana.

Lipo swali ambalo mwanafunzi wa Afrika Mashariki ana haki ya kuliuliza: je, si vyema vifuko viingie katika friza vingali vya moto, ikiwa vitu vya moto huganda upesi? Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba nchini Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa pamoja na sukari. Aliyatia maziwa yake katika friza yangali moto, naye aliona kwamba yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, alimwuliza Dakt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu jambo hilo, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha maelezo yao katika jarida la Physics Education. Tangu hapo jambo hilo limejulikana duniani kwa jina la Mpemba, nalo bado lina ubishi. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza waliopima upya kwa uangalifu walisema hawakuona ushahidi wa kutosha wa kulithibitisha. Kwa friza ya nyumbani, hata hivyo, jawabu halitegemei ubishi huo. Sinia la moto huvipasha joto vyakula vilivyo jirani, na vikiyeyuka kidogo na kuganda tena, fuwele zake hukua. Vifuko vilivyookwa vitandazwe vipoe upesi, kisha viingizwe.

JARIBIO LA DARASANI

Brie haipatikani kila mahali, lakini mtindi hupatikana. Mtindi ukichujwa usiku mmoja kwa kitambaa safi ndani ya jokofu huwa jibini mbichi laini, nayo yatosha kwa jaribio hili.

Jibini hiyo igawanywe katika mafungu manne ya gramu 100 kila moja. Fungu la kwanza lifungwe katika mfuko wa plastiki na kutandazwa hadi unene wa sentimita 1. Fungu la pili lifinyangwe kuwa donge moja na kufungwa. Fungu la tatu lichanganywe na gramu 30 za chenga za mkate mkavu, kisha lifinyangwe kama la pili. Fungu la nne libaki katika jokofu la kawaida, liwe kipimo cha kulinganishia. Mafungu matatu ya kwanza yakae katika friza kwa saa 24. La kwanza liwekwe peke yake juu ya bati.

Kisha mafungu yote yawekwe juu ya kitambaa katika faneli, ndani ya jokofu, mpaka yayeyuke, na maji yanayotoka yapimwe kwa silinda ya kupimia. Kabla ya kupima, kila mwanafunzi aandike utabiri wake: ni fungu lipi litakaloachia maji mengi zaidi, na kwa nini? Je, tofauti baina ya la kwanza na la pili ni kubwa kama inavyotarajiwa? Je, maji ya fungu la tatu yamekwenda wapi? Mwalimu awakataze wanafunzi kula vitu vya jaribio, na aulize swali moja la mwisho: kati ya vipimo vyote vilivyochukuliwa, ni kipi kinachoonyesha kwamba jibini hiyo ni salama?

Jawabu ni kwamba hakipo. Maji yaliyopimwa yanaeleza habari za umbile peke yake. Habari za usalama ziliandikwa mapema zaidi, katika saa ambazo chakula kilikaa nje ya jokofu na katika mikono iliyokigusa. Friza husimamisha chakula katika hali kilichoingia nayo. Haiwezi kukirudisha katika hali kilichokuwa nayo saa chache kabla. Anayeijua tofauti hiyo ataokoa sehemu ya sinia yake bila hofu, na sehemu nyingine ataitupa bila majuto.